Mashini ya hewa ya moto: tuijenge kwa mikono, tusiilipe na sanduku la koperative



Hatuna raha kuandika ukurasa huu, lakini ni lazima. Mwaka jana, katika gazeti hili hili, tulisifu mashini moja tuliyoiona ikizunguka siku ya soko kwenye plaine ya Ruzizi, pembeni ya nyumba ya kukoboa mpunga. Ilikuwa inazungushwa na moto wa maganda ya mpunga tu. Hakuna esanse, hakuna mazutu, hakuna waya wa umeme. Watu walikuwa wanasukumana ili waione. Kijana mmoja alipiga kelele: "Ile masini haikunywake kitu, iko inaota moto tu!" Sisi pia tulishangaa, tukaandika kwa furaha kwamba siku za kununua mazutu kwa bei ya juu zinakaribia kwisha. Hatukupima kitu. Hatukuuliza hata swali moja la maana.

Kuna koperative moja iliyotusoma na kutuamini. Komite iliita mkutano, ukurasa wetu ukasomwa kwa sauti mbele ya wanachama, na wakakubali kutoa dola 600 kwenye sanduku. Zile dola zilikuwa za mbegu na mbolea ya msimu uliofuata. Fundi akajenga mashini kubwa, ya pipa na silinda ya lori ya zamani. Ilizunguka, kweli. Lakini siku ile walipoifunga mkanda na mashini ya kukoboa, ilisimama palepale, sawa vile mbuzi aliyefika mwisho wa kamba. Walijaribu tena wiki tatu. Haikukoboa hata kilo moja.

Yule fundi hakuwa mwizi, tunataka lieleweke hilo. Aliona ndogo inazunguka, akafikiri kubwa itavuta. Sisi ndio tulikuwa na gazeti mkononi, na sisi ndio tulikuwa na kazi ya kuuliza.

Tangu wakati ule tumepata barua na maswali kutoka koperative zingine: je, ile mashini ni uongo? Tuwafukuze vijana wanaoijaribu? Apana, si uongo. Na vijana msiwafukuze. Maoni yetu ni haya: mashini ya hewa ya moto inafaa kujengwa kijijini, kwa mikebe na ferai, na kuboreshwa kidogo kidogo, kwa kazi ya kupandisha maji kidogo. Lakini haifai kulipiwa na pesa ya sanduku kwa ahadi ya kukoboa mpunga au kusaga muhogo. Tutaeleza kwa nini, na mtuvumilie kama kuna hesabu kidogo.

Tuanze na namna inavyofanya kazi, maana wengi walifikiri ndani kuna dawa au gazi. Ndani kuna hewa tu, hii tunayopumua. Hewa ikipata moto inapanuka, ikipoa inajikunja. Chukueni mkebe mrefu uliofungwa vizuri, chini yake moto, juu yake maji baridi. Ndani wekeni mkebe mwingine mwembamba kidogo, unaopanda na kushuka bila kugusa kuta. Sisi tunauita mkebe wa ndani. Kazi yake si kusukuma kitu, kazi yake ni kuhamisha hewa. Ukipanda, hewa inakimbilia chini kwenye moto na kupanuka. Ukishuka, hewa inarudi juu kwenye baridi na kujikunja. Kule kupanuka na kujikunja kunasukuma na kuvuta pistoni ya pili, na hiyo ndiyo inayozungusha gurudumu. Gurudumu nalo linarudisha mkebe wa ndani mahali pake, na mambo yanaanza tena. Hewa ni ileile, haitoki, haiingii.

Aliyeipatia hati mwaka 1816 alikuwa mchungaji wa kanisa kule Scotland, Robert Stirling. Mwaka 1818 mashini yake ilikuwa inatoa maji kwenye shimo la kuchimba mawe. Angalieni vizuri: kazi yake ya kwanza ilikuwa kupandisha maji. Baadaye yeye na ndugu yake James walitaka kikubwa zaidi. Mwaka 1843 waliweka moja kwenye kiwanda cha kuyeyusha chuma pale Dundee, ifanye kazi ya mashini ya mvuke. Ilifanya kazi miaka michache, lakini chuma cha upande wa moto kilikuwa kinaungua na kupasuka, kikibadilishwa kinaungua tena. Mwisho kiwanda kilirudia mvuke.

Halafu alikuja John Ericsson, mtu wa Sweden aliyekwenda kuishi Marekani. Yeye alitia mashini ya hewa ya moto ndani ya meli nzima. Mwaka 1853 meli ilitembea na pistoni nne, kila moja ikiwa na upana wa zaidi ya metre 4. Hebu mfikirie pistoni inayopita upana wa chumba cha kulala! Na pamoja na ukubwa huo wote nguvu ilikuwa ndogo, mpaka ikang'olewa na kuwekwa ya mvuke. Lakini Ericsson huyo huyo alitengeneza baadaye mashini ndogo za kupandisha maji kwenye nyumba na mashamba, na hizo ziliuzwa kwa maelfu. Zilikuwa pole pole, hazina kelele, na mtu yeyote aliyejua kuwasha jiko aliweza kuzitumia.

Na kuna hadithi moja inayotugusa sisi wa plaine ya Ruzizi kuliko zote. Katika miaka ya 1980, kule Bangladesh, penye mpunga mwingi sana, shirika la Asia Foundation pamoja na wahandisi wa Sunpower wa Marekani walijenga mashini ya hewa ya moto inayotumia maganda ya mpunga. Jina lake lilikuwa ST-5, na ilikuwa ya nguvu ya farasi kama 5. Hiyo ndiyo nguvu inayoweza kufanya kazi ya kweli ya kijiji. Mnaona basi, wazo la yule fundi wetu halikuwa la kichaa. Lakini ST-5 haikuwa ya mikebe. Hewa ya ndani ilikuwa imeshindiliwa, vyuma vilichongwa kwa kipimo cha mashini za kiwanda, na nyuma yake kulikuwa na wahandisi na pesa za msaada. Hata hivyo haikuenea vijijini. Motere ya mazutu ilibaki rahisi kuinunua na kila fundi alikuwa anaijua.

Sasa hesabu. Maganda yenyewe hayana kosa. Mkikoboa kilo 100 za mpunga mnapata karibu kilo 20 za maganda, na karibu kilo 3 za maganda zina joto sawa na litre 1 ya mazutu. Kwa hiyo rundo lile tunalolichoma bure pembeni ya barabara ni mali. Shida iko kwenye kugeuza lile joto kuwa nguvu.

Kuna kanuni ya mhandisi William Beale, huyohuyo aliyeanzisha Sunpower, na tunaomba kila komite iiandike kwenye daftari. Pimeni pistoni ya nguvu inasukuma litre ngapi za hewa kwa kila mzunguko. Zidisheni kwa idadi ya mizunguko katika sekunde moja. Zidisheni kwa 15. Jibu ni wati ambazo mashini nzuri, iliyochongwa vizuri, yenye moto mkali sana, inaweza kutoa kama hewa ya ndani ni ya kawaida, haikushindiliwa. Ile ya dola 600 ilikuwa na pistoni ya litre 2 na ilizunguka mara mbili kwa sekunde. Mara 2, mara 2, mara 15: wati 60. Na hiyo ni kama ingechongwa kiwandani. Mashini ya kukoboa au kusaga inataka wati elfu kadhaa. Tungefanya hesabu hii siku ya soko, kwa kalamu na nyuma ya karatasi ya sabuni, ile koperative ingekuwa na mbegu yake mpaka leo.

Wati 60 ni nini? Mtu mzima mwenye afya akikanyaga pedale za kinga kwa saa nzima anatoa wati 60 mpaka 75. Mashini ya mikebe haifiki hata hapo. Inatoa wati 2, 5, labda 10 kama mafundi ni wazuri sana.

Mtauliza: basi tunaiandikia nini? Tunaiandikia kwa sababu ya mambo yaliyotokea baadaye kwenye koperative ile ile.

Pipa lilibaki nyuma ya depo, linaota kutu. Vijana wanne, wawili wao wanajifunza kazi ya kuchomea chuma, waliomba ruhusa wachukue vipande. Mama prezida aliwakubalia kwa sharti moja: hakuna hata franka moja itakayotoka kwenye sanduku. Walijenga ndogo. Upande wa moto ni bomba la moshi la lori, kwa sababu lina unene. Mkebe wa ndani ni mikebe miwili ya maziwa ya unga iliyounganishwa. Pistoni ya nguvu si pistoni kabisa, ni ngozi ya mpira wa ndani wa gari iliyofungwa juu ya sufuria iliyotobolewa. Gurudumu ni la kinga, na uzito wa vipande vya chuma vimefungwa kwenye rayo. Pompe waliifanya kwa bomba la plastike na ngozi ya kiatu. Ilipandisha maji kutoka mfereji mpaka pipa la kitalu cha tomati na vitunguu, metre 3 juu.

Siku ya kwanza ilitoa ndoo 4 za litre 20 kwa saa. Tulikuwepo, safari hii na saa mkononi.

Kilichotufurahisha si zile ndoo 4. Ni kile kilichofuata. Vijana walikuwa na daftari, na walikubaliana kubadilisha kitu kimoja tu kila mara, halafu kupima tena saa nzima. Huo ndio ufundi, na wengi wetu wenye diplome hatuufanyi.

Kwanza walihangaika na baridi. Kila mtu anafikiri ukitaka nguvu uongeze moto. Wao pia walianza hivyo, wakarundika maganda mpaka bomba likawa jekundu, na mashini ikazidi kulegea. Kwa nini? Kwa sababu joto lilipanda mpaka upande wa juu, na hewa ilikosa pa kupoa. Nguvu inatoka kwenye tofauti ya moto na baridi, si kwenye moto peke yake. Walikuwa wanaweka kitambaa chenye maji juu ya mkebe. Mmoja wao akasema, "Papa, maji si yako yanapita hapa hapa?" Wakayapitisha maji ya pompe yenyewe kuzunguka upande wa juu kabla ya kwenda kwenye pipa. Mashini inajipoza kwa maji inayoyapandisha. Hakuna aliyewafundisha, ingawa mashini za zamani za kina Ericsson zilifanya vilevile. Ndoo zikawa 7.

Kisha mkebe wa ndani. Walikuwa wamejaza majivu ndani yake wakifikiri unatakiwa kuzuia joto. Kumbe uzito ule ulikuwa unakula nguvu yote. Wakautoa majivu, ukawa mtupu na mwepesi, na wakaacha tundu dogo la sindano upande wa baridi ili hewa iliyofungwa ndani isiufumue ikipata moto. Uligusa pia ukuta upande mmoja, unasikika ukikwaruza. Nafasi inayofaa kati ya mkebe na ukuta ni kama unene wa sarafu, millimetre 1 au 2 kuzunguka pande zote. Ikiwa ndogo kuliko hapo inagusa. Ikiwa kubwa, mnakuwa na hewa nyingi isiyofanya kazi.

Hiyo hewa isiyofanya kazi ndiyo adui ambaye haonekani. Bomba linalounganisha mkebe mkubwa na ngozi ya mpira lilikuwa refu kama mkono, kwa sababu lilipatikana hivyo. Hewa iliyokaa ndani ya bomba lile haipati moto wala baridi, inajikunja tu kama sponji na kumeza nguvu. Walilikata likabaki urefu wa kidole. Halafu walitafuta pa kupenya hewa kwa maji ya sabuni: mnapaka kwenye maungo, mnapuliza, penye povu ndipo penye tundu. Walipata matatu. Moja lilikuwa pale walipounga kwa risasi karibu na moto. Risasi inayeyuka kwa joto dogo, jamani! Upande wa moto hauungwi kwa risasi, unachomewa kwa chuma.

Na mwisho ni kitu ambacho mchungaji Stirling mwenyewe alikithamini kuliko vyote, akiba ya joto. Hewa ikitoka kwenye moto kwenda kwenye baridi, inabeba joto na kulimwaga kwenye maji bure. Ukiweka nyuzi nyembamba za chuma katika njia yake, zile za kusugulia masufuria, hewa inaacha joto pale ikipanda na kulichukua tena ikishuka. Vijana walizungusha nyuzi hizo kwenye mkebe wa ndani. Mara ya kwanza walizikaza sana, mashini ikakohoa na kusimama, kwa sababu hewa haikuwa na pa kupita. Mara ya pili walizilegeza. Ndoo 11.

Ndoo 11 kwa saa, litre 220, metre 3 juu. Tukihesabu, hiyo ni kama wati 2 za kazi ya kweli. Kidogo sana. Tuliwaambia ukweli: msichana mmoja mwenye nguvu anapandisha ndoo zile 11 kwa robo saa. Tulifikiri watakata tamaa. Ndipo mama mmoja wa komite, aliyekuwa amekaa kimya na mtoto mgongoni, akatujibu kwa sauti ya chini. Alisema: "Njo vile, robo saa. Lakini ni robo saa ya asubuhi, na ingine ya mangaribi, kila siku, na huyo binti ni wangu. Hiyo masini ikipandisha pole pole wakati iko ku masomo, mimi sina haraka."

Hatukuwa na jibu. Kwenye vitabu vyetu tunapima wati, lakini hatupimi ni kazi ya nani inayopungua. Kitalu hakitaki maji kwa haraka. Kinataka pipa liwe limejaa jioni ikifika. Mtu anayefanya kazi pale kwenye kitalu anaweza kutupia maganda kila baada ya muda huku anapalilia. Yanakwenda kama kilo mbili kwa saa, na majivu yake yanarudi kwenye mboji.

Tunajua kuna wenzetu, hata ndani ya ofisi yetu, ambao hawakubali. Wanasema: leo kuna panneau ya jua, ndogo tu ya wati 50, na pompe yake, inazidi mashini hii mara nyingi na haitaki mtu wa kutupia maganda. Ni kweli. Hata kiwanda kikubwa cha Philips cha Uholanzi kilishindwa kwa namna hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 walitengeneza jenereta ndogo ya hewa ya moto, wati kama 200, kwa ajili ya radio mahali pasipo na umeme. Ilikuwa kazi nzuri sana ya mikono. Mara zikaja radio za transista zinazotosheka na mawe madogo ya batri, na jenereta ikabaki ya kuwekwa kwenye majumba ya makumbusho. Kwa hiyo kama koperative ina pesa ya kununua kitu cha maji, tunasema bila kusita: nunueni kwanza pompe ya kukanyaga kwa miguu, na mkiweza, panneau. Msinunue mashini ya hewa ya moto.

Lakini panneau ikiharibika pompe yake, kijijini kwetu nani anaifungua? Tumeona ngapi zimelala, zinasubiri kipande kutoka mjini? Wale vijana wanne sasa wanafungua motopompe ya koperative bila woga. Wanajua kutafuta hewa inayopenya kwa maji ya sabuni. Wanajua rulema iliyojaa grisi nzito inakula nguvu. Wanaandika. Zamani motopompe ikikataa kuwaka, tulikuwa tunaita fundi wa mjini na kumlipa usafiri, chakula na lala yake. Faida hiyo haionekani kwenye hesabu ya wati, lakini mwenye sanduku anaiona.

Tunaongeza maneno machache ya hatari, na hapa hatuchezi. Mtu akisikia kwamba ST-5 ilikuwa na hewa iliyoshindiliwa, atatamani kupiga pompe ya kinga ndani ya mashini yake. Msifanye. Mkebe au pipa lililochomewa kijijini, lenye moto chini na presio ndani, ni bomu. Mafuta ya kulainisha yakichanganyika na hewa iliyoshindiliwa na joto, yanaweza kulipuka. Msitie maji ndani ya mashini pia, yatakuwa mvuke na presio itapanda bila kuonekana. Na chupa za zamani za gazi ya kupikia, msizikate na moto hata kama zinaonekana tupu. Kama hamuwezi kuzijaza maji mpaka juu kabla ya kuzikata, ziacheni, tafuteni bomba la lori. Mashini ifanye kazi nje, kwenye upepo. Moshi wa maganda ukifungiwa ndani ya nyumba unaua watu wakiwa wamelala.

Basi fundi akija mbele ya mkutano wenu na mashini inayozunguka, mpokeeni vizuri, mpeni maji ya kunywa, lakini msipige makofi mapema. Mwambieni aifunge kazi. Gurudumu linalozunguka bure halisemi kitu, hata mshumaa mmoja unaweza kuzungusha gurudumu jepesi. Awapandishie maji saa nzima mbele yenu, na mtu wa komite ahesabu ndoo. Pimeni pistoni yake, fanyeni ile hesabu ya mara 15. Muulizeni upande wa moto umeshakaa siku ngapi bila kuungua, maana hapo ndipo hata Dundee waliposhindwa. Akikasirika kwa maswali, mmeshapata jibu. Akisema pole pole, "Bado ninajaribu," huyo mpeni nafasi nyuma ya depo, vipande vya ferai na vijana wa kumsaidia. Pesa, apana.

Kwa upande wetu, tumeomba ofisi irudishie koperative ile mbegu ya msimu mmoja, kwa sababu ukurasa wetu ulisomwa kama ahadi. Mpaka tunapoandika haya hatujapata jibu. Tutawaambia hapa hapa likija, zuri au baya.

Vijana wanasema bomba la upande wa moto limeanza kubanduka magamba, na wanatafuta lingine nene zaidi. Kama kuna msomaji kati ya Uvira na Luvungi mwenye bomba la moshi la lori kubwa asilolitumia, alipeleke kwa animatere wa eneo lake, atajua pa kulifikisha. Sisi tutarudi kwenye kitalu kile mwanzoni mwa kiangazi, na saa na ndoo.